Mataruma

Babu mzaa mama, Nannauka,
hakuhesabu miaka. Alihesabu mataruma.
Ukimwuliza mama alizaliwa lini, alijibu:
"Tulikuwa taruma la elfu nane na kidogo,
pale kwenye kichuguu kilichovunja sururu mbili."

Kichuguu kipo bado. Sururu sijui.

Walikuja na kamba, na darubini ya miguu mitatu,
wakalichungulia bonde la Chilindima kwa jicho moja
kama mtu anunuaye mbuzi asiyemwamini mwenye mbuzi.
Wakasema: hapa patakaa maji.
Watu wakacheka. Maji hapa hayakai,
hupita kama mgeni aliyesikia kuna msiba.
Lakini kule juu, Nachingwea, karanga zilikuwa na kiu,
karanga za watu wa mbali,
na matrekta yao, na vyoo vyao vya kuvuta mnyororo.

Basi ukuta ukataka mawe,
mawe yakataka gari,
na gari, masika yale, lilizama
mpaka dereva akatokea dirishani.
Ndipo ikaja reli: kilomita ishirini na moja
kutoka njia kubwa ya Ruo,
nyembamba, chuma kilichozeekea kwingine
kikaletwa kwetu kuanza ujana.

Watu husema waliimba.
Babu alisema hapana.
Ukiimba na chuma begani unameza vumbi.

Siku ya mvua haikuandikwa kwenye kipande.
Siku ya homa haikuandikwa.
Siku Mchopa alipobanwa na toroli
iliandikwa nusu,
maana mguu ulivunjika saa tano.

Na bibi, Binti Lipei, na chungu chake cha ming'oko:
reli ikisogea, naye anasogea,
mafiga yake yalihama mara kumi na nne.
Uzeeni, jikoni kwake mwenyewe,
bado aliyapanga kama mtu wa kuondoka kesho.

Ukuta ukaisha. Karanga zilikuwa zimekwisha kabla yake.
Masika yakaja, maji yakakaa kweli,
yakameza machimbo ya mawe, yakameza kibanda cha mnyapara,
yakameza kipande cha mwisho cha reli
pamoja na mataruma yake na misumari yake,
kwa sababu hakuna aliyeamuru king'olewe,
na aliyepaswa kusaini
alikuwa ameshapanda meli Mtwara.

Iliyobaki nchi kavu wakaja kuing'oa.
Wakawaita walewale walioilaza.
Kung'oa ni kazi nyepesi, wakasema,
kwa hiyo na ujira uwe mwepesi.
Babu akairudia njia yote akihesabu kinyumenyume,
na alipofika lile la elfu nane na kidogo
akaketi juu yake, akavuta tumbaku mpaka ikaisha.
Wakamkata robo siku.

Mwaka juzi kiangazi kilikuwa kirefu,
mabibo yalinyauka mtini kabla ya kuiva.
Bwawa likarudi nyuma, kila wiki hatua kadhaa,
na siku moja watoto wa ng'ambo wakaja mbio:
kuna ngazi imelala kwenye tope.

Nilikwenda na mama.
Reli ilikuwa pale, imevaa konokono,
imenyooka, inashuka kuelekea katikati ya maji
kama ina shughuli huko.
Mama akavua ndala, akanishikisha,
akaanza kukanyaga, taruma kwa taruma,
midomo ikicheza.
Alikosea mahali. Akarudi, akaanza upya.
Nilitaka kumwambia kwamba hesabu ya babu ilianzia Ruo,
kwamba huku ni mwisho, si mwanzo,
kwamba kichuguu chake kiko nyuma yetu kule kwenye mikorosho.
Nikanyamaza na ndala zangu mkononi.

Kwenye mia nne na kumi na mbili maji yalifika kwenye kanga.
Akasimama.
"Mengine yako chini," alisema bila kugeuka.
"Wewe umesoma. Andika: mia nne na kumi na mbili,
na kidogo."